Blessing Hatashuka Majini

Yombo Vituka, Temeke
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Adelard,

Salamu. Hapa nyumbani hatujambo. Mama alipiga simu kutoka Muleba wiki iliyopita, goti limepungua uvimbe, na anauliza kama huko Mafia kuna kanisa au umeshaacha kusali. Nimemwambia sijui. Kazini kwangu machinjioni Vingunguti ni yaleyale, ng'ombe wanaingia, nyama inatoka, na mimi karani nipo katikati naandika. Mwanao Blessing ameshika nafasi ya nne darasani. Amerefuka, sketi za shule zote zimempanda magotini.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Sikupigii simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu yangu anaishika mwanao kuliko ninavyoishika mimi, na kila kinachoingia humo anakisikiliza kwanza yeye. Ya pili, nikikupigia nitakutukana, halafu utawaambia watu dada alinitukana, hutawaambia alichosema. Kwa hiyo soma.

Leo baada ya misa jirani yangu Benedicta kanishika mkono mbele za watu. "Hongera jamani! Kumbe Blessing wetu siku hizi mzamiaji? Katuonesha kadi!" Nikabaki nacheka kama mjinga. Nyumbani nikamwambia mtoto atoe hiyo kadi, akaitoa kwenye jalada la kitabu cha nyimbo. Picha yake, jina lake, tarehe ya Juni mwaka huu. Ananiambia, "Shangazi, mie ndo mzamiaji wa kwanza Yombo nzima, na usikasirike, baba alisema tukufiche mpaka Krismasi iwe sapraizi."

Sapraizi! Nimekupa mtoto likizo wiki tatu ale samaki, amjue baba yake, wewe umemfunga mtungi wa hewa mgongoni ukamshusha chini ya bahari, ukamrudisha kwangu umemfundisha na siri juu yake. Na nasikia Desemba umetupangia safari ukoo mzima. Mimi na Mama mwenye goti bovu tukae botini na majaketi ya kuokolea, wewe na Blessing mzame, na eti mimi nikitaka nami nifundishwe.

Adelard, mtoto huyu nimemlea tangu mama yake Jenipher alipofariki, akiwa na miaka sita. Sasa ana kumi na miwili. Kuja Mafia sikatai. Nakataa maji. Blessing hatashuka majini, si Desemba, si siku nyingine yoyote, na sitaki kuulizwa kwa nini. Kadi ninayo mimi na kabati nimelifunga.

Dada yako,
Kokushubila


Utende, Mafia
21 Agosti 2025

Dada Kokushubila,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa Salumu wa boti ya Nyamisati, ilikaa kwenye mfuko wake siku tisa kwa sababu bahari ilichafuka. Mimi mzima. Mashine ya kujazia hewa mitungi imeharibika mara mbili mwezi huu na kila ikiharibika naitwa mimi. Kanisa lipo, mwambie Mama. Kwenda siendi kila wiki, hilo usimwambie.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta sababu. Sikuiona. Nimeona hasira, nimeona Benedicta, nimeona kabati.

Unaongea kana kwamba nilimtupa mtoto baharini kama nanga. Dada, kuzamia na watalii ni kazi yangu mwaka wa sita huu. Blessing alifundishwa na Anwar, mwalimu wa vyeti hapa kwetu, mtu ambaye akikuona umevaa mkanda vibaya anakurudisha ufukweni hata kama umetoka Ulaya. Siku mbili za kwanza hawakupita maji ya kifuani. Alifundishwa kutoa maji kwenye miwani, kupumua taratibu, kutopanda juu kwa pupa, kuongea kwa mikono. Anwar haruhusu umri wake kupita mita kumi na mbili na hakupita hata nusu mita, mimi nilikuwa ubavuni mwake. Kabla ya yote kulikuwa na fomu ya afya, maswali thelathini na mawili, na yote jibu lilikuwa hapana. Nikasaini mimi. Baba yake ni mimi, au hilo nalo umelifungia kabatini?

Na mtoto hakunisumbua hata kidogo. Zile vitamini zako alikuwa anazimeza kila asubuhi bila kukumbushwa, nampa kidonge na maji mwenyewe, ananiambia "asante baba" kama mtu mzima. Siku ya kwanza alipomwona kasa alisahau hata kunijibu ishara, akabaki anamtazama tu, ikabidi nimshike bega. Tulipotoka juu alicheka mpaka Anwar naye akacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu Jenipher yupo.

Niseme ukweli unaoukwepa. Umezoea mtoto ni wako. Akipata kitu kutoka kwangu unaona umeibiwa. Boti ya tarehe 27 Desemba nimeshaiomba kwa bosi na amekubali. Mtakuja, na mwanangu atashuka na mimi. Kama kuna sababu ya kuzuia, iandike. Kama haipo, rudisha kadi ya watu.

Mdogo wako,
Adelard


Yombo Vituka
2 Oktoba 2025

Adelard,

Hatujambo. Mvua imenyesha kidogo, bonde la hapa chini limejaa tope. Mama anasema atakuja Krismasi kama atapata wa kumwachia ng'ombe. Blessing anaumwa mafua tu. Najua nimechelewa kujibu. Nilianza barua mbili nikazichana.

Hapo kwetu Vingunguti ng'ombe hachinjwi kabla daktari hajamwangalia akiwa hai. Anamtazama macho, anamtazama anavyotembea, anamzunguka. Kuna siku nimeshuhudia daktari anagoma na ng'ombe mzuri kabisa, mwenye mali analia pale, na daktari anasema hapana, huyu simuelewi, mrudisheni zizini. Ng'ombe huyo, Adelard. Anayekwenda kufa. Wewe mwanao wa pekee umempitisha kwa karatasi!

Nikuulize, na nijibu bila kejeli zako. Maswali ya ile fomu aliyajibu nani? Ni wewe, au ni yeye? Yalikuwa yanauliza nini? Na siku ile ya kasa, alibaki akitazama muda gani? Ulipomshika bega alikujua papo hapo au alichelewa?

Sijasema lolote. Nimeuliza tu. Na usinijibu kwa simu.

Kokushubila


Utende, Mafia
19 Oktoba 2025

Dada,

Shikamoo. Mimi si mzima. Tangu nisome barua yako sijatulia.

Maswali yako si ya mtu mwenye wivu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na wivu.

Nimekwenda kwa Anwar nikaomba fomu. Ninayo hapa mezani. Maswali yapo kwa Kiingereza, kwa hiyo siku ile nilimkalisha Blessing kwenye benchi nikawa namsomea moja moja kwa Kiswahili na yeye anajibu. Una pumu? Hapana. Umewahi kufanyiwa upasuaji? Hapana. Moyo? Hapana. Nikifikiria sasa, la pumu alifikiri kwanza. La upasuaji aliniuliza hata kutolewa jino ni upasuaji? Tukafika swali la kumi na saba: umewahi kuzimia, kuanguka kifafa au kupoteza fahamu? Hapo hakufikiri. Alisema hapana kabla sijamaliza kusoma, kwa sauti ya darasani, mikono imekaa magotini. Baada ya hapo kuna swali la dawa za kila siku. Akasema hapana, nami nikamtania, "na zile vitamini je?" Akasema, "Vitamini siyo dawa, baba." Nikaandika hapana kwa mkono wangu.

Kwenye kasa ilikuwa kama sekunde kumi. Labda na tano. Nilimpa ishara ya "uko sawa?" mara mbili. Nilipomshika bega aligeuka, akanitazama, kisha ndipo akajibu.

Sasa nakuuliza mimi. Zile vitamini ni nini? Usinizungushe tena kwenye ng'ombe. Nataka jibu, na nalitaka kwa boti inayofuata.

Adelard


Yombo Vituka
26 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Blessing hajambo. Hiyo ndiyo salamu niliyonayo.

Si vitamini. Ni dawa za kifafa.

Alianguka mara ya kwanza miezi mitatu baada ya kumzika Jenipher. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Ilikuwa asubuhi, anapiga mswaki nje kwenye bomba, nikasikia kikombe kimeanguka, nilipotoka alikuwa chini, macho yamegeuka, povu la dawa ya meno limechanganyika na mate. Nilipiga mayowe. Benedicta ndiye aliyemgeuza ubavu, na mpaka leo anajua lilikuwa degedege la homa tu. Nilikupigia siku ile mara nne, hukupokea. Ulipokuja kupiga wiki mbili baadaye ulikuwa unalia juu ya Jenipher, na mimi nikashindwa. Nikasema nitamwambia akitulia. Hukutulia upesi, na mimi nikazoea kutosema.

Mwaka ule alianguka mara tatu. Shule yake ya kwanza walipojua, mwalimu alimhamishia dawati la peke yake nyuma, na watoto wakakataa kunywa kikombe alichonywea. Mama mmoja alikuja kuniambia usoni kwamba mwanao akianguka tena wangu namtoa. Nikamtoa mimi. Shule ya pili nilimfundisha kabla hajaingia getini. Nilimkalisha kitandani nikamwambia, mtu yeyote akikuuliza umewahi kuanguka, sema hapana. Akikuuliza dawa, sema vitamini, na vitamini siyo dawa. Tulifanya mazoezi kama maswali ya mtihani. Mimi nauliza, yeye anajibu. Akichelewa kujibu nilikuwa namrudisha mwanzo.

Kwa hiyo hakukudanganya. Alikujibu nilivyomfundisha.

Dawa zinamfaa. Mara ya mwisho kuanguka ni Novemba ya mwaka juzi. Daktari alikataza kuogelea peke yake, kupanda miti, kukaa jikoni na moto bila mtu. Kuzamia hakukutaja. Nani pale kliniki angefikiria kuzamia? Nilipokupa mtoto Juni nilikwambia asiende majini bila wewe. Nikadhani hapo nimemaliza kila kitu.

Nawe usinipandishie sauti kwenye karatasi. Miaka sita ulikuwa mtu wa simu ya Jumapili. Ningekwambia, ungefanya nini? Ungekuja kumchukua umpeleke kwa Mama Muleba, au ungemchukua ukae naye huko kisiwani kwenye zahanati ya mabati. Mimi sina mwingine, Adelard. Niliogopa utamchukua. Nimeliandika, basi.

Kokushubila


Utende, Mafia
5 Novemba 2025

Kokushubila,

Leo sikuamkii.

Nilimpa kidonge cha kifafa kwa mkono wangu asubuhi, na saa mbili baadaye nikamshusha mita kumi na mbili. Nilimshusha mara nne. Unajua mtu akianguka kifafa chini ya maji kinatokea nini? Mimi najua, maana ni kazi yangu kujua. Kile kifaa cha mdomoni kinatoka. Meno yanabana. Akivuta pumzi anavuta bahari. Nami ningekuwa pale nimemshika, namtazama, na nisingejua ni nini, ningedhani kashikwa na hofu. Ningemvuta juu haraka, na kumvuta juu haraka nako kungemuua. Ningemuua mwanangu kwa mikono yangu miwili na ungekuja kunizikia huku ukijua.

Hukupokewa simu mara nne. Mara nne! Ukanyamaza miaka sita. Ungeweza kuandika neno moja kwenye lile kopo la vidonge. Ungeweza kuniambia stendi Mbagala siku unamkabidhi, mtoto alikuwa ananunua maji, tulisimama mimi na wewe dakika kumi tukiongelea bei ya vitunguu.

Unasema hukujua kuzamia. Ulijua bahari. Ulijua nafanya kazi gani.

Usiku sizungumzii, mchana kweupe najikuta naunganisha mashine kwenye mtungi uliokwisha kujaa. Nimemwambia Anwar. Amekaa chini kwenye mchanga. Halafu akasema mtu wa dawa hizo hashuki, na bila daktari bingwa kuandika hawezi hata kuzungumza habari hiyo, na daktari ambaye Anwar alimuuliza kwa simu anasema tusitegemee. Cheti anakiandikia barua kisimamishwe. Boti ya tarehe 27 nimemrudishia bosi, ameipa familia nyingine.

Mwambie mtoto. Wewe ndiye uliyemfundisha maneno yote, mfundishe na hili.

Adelard


Yombo Vituka
17 Novemba 2025

Adelard,

Mama ametuma senene wa kukaanga, wamefika wazima, nimekuwekea kopo moja ingawa hustahili. Anakuja tarehe 20 Desemba. Hajui lolote.

Uliyoandika yote nimeyasoma nikiwa nimesimama ofisini, na wachinjaji walidhani nimefiwa. Una haki. Nilikosa. Sitarudia kuliandika hilo, kwa hiyo lisome vizuri hapa hapa. Nilikosa, na kila nikimwona mtoto anakunywa maji nasikia vibaya.

Lakini kumwambia, simwambii mimi. Na hapo sasa nisikilize, maana mimi nami nina hasira zangu na ni za siku nyingi kuliko zako.

Unajua mimi nimemnyima huyu mtoto vitu vingapi? Wenzake wameenda Bagamoyo na shule, nikasema hapana. Kuogelea Kigamboni na watoto wa jumuiya ya kanisa, hapana. Kulala kwa rafiki yake, hapana. Baiskeli aliyoitaka miaka miwili, hapana. Kila hapana nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu, na kila mara akinitazama naona anafikiri huyu si mama yangu ndiyo maana. Wewe ukawa baba wa mbali, baba wa zawadi, baba wa kasa. Ukampa kitu kimoja ambacho kimemfanya atembee Yombo hii kichwa juu. Ameweka miwani yake ya majini juu ya kabati. Anawafundisha watoto wa Benedicta ishara za mikono. Juzi kaniuliza, "Shangazi, Desemba utanishika mkono nikiwa narukia majini, au unaogopa?" Nikamwambia naosha vyombo.

Na wewe unataka hilo nalo nilivunje mimi, halafu wewe ubaki kule na mitungi yako ukiwa baba mzuri? Haiwezekani. Ulimpa wewe, mnyang'anye wewe. Na si kwa simu. Si kwa barua. Njoo umwambie ukiwa umekaa mbele yake, uone uso wake, kama mimi ninavyouona kila mara.

Najua nyumba hii hujaikanyaga tangu tulipoondoa turubai la msiba wa Jenipher. Najua hata mtoto ulimpokelea stendi ili usifike. Hilo sijawahi kukuuliza. Sasa nakuuliza. Unakuja, au na hili unaniachia?

Dada yako,
Kokushubila


Utende, Mafia
1 Desemba 2025

Dada Kokushubila,

Shikamoo. Nimekuamkia, usidhani imekwisha. Bado nimekasirika, na sijui nitaacha lini.

Barua yako ilikuwa kwangu tangu tarehe 22. Salumu hakuchelewesha, mimi ndiye niliyechelewa. Mara mbili nimefika gatini na begi nikarudi. Mara ya kwanza nilimwambia Anwar boti ilijaa. Boti ilikuwa na watu kumi. Mara ya pili hakuuliza, akanipa spana nikatengeneze mashine.

Utaniuliza kwa nini sikukanyaga hapo, nami nitakujibu kwa kifupi. Jenipher aliniambia nisimwache peke yake ile siku uchungu wa mtoto wa pili ulipomshika. Nikaenda kazini. Nilivyorudi wewe ndiye uliyenifungulia mlango, na nikaona usoni kwako kwamba yamekwisha, kwake na kwa kichanga. Tangu hapo kila nikiufikiria ule mlango nakuona wewe umesimama. Haikuwa kosa lako. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mtoto akalipia.

Nakuja Jumamosi, tarehe 6, kwa basi la Nyamisati la asubuhi. Usije stendi, njia naijua. Usipike, nitashindwa kula. Blessing usimwambie chochote, wala usimrudishie kadi, nitaiomba mimi niishike nikiwa naongea naye, maana ni yake na nitamwomba msamaha mimi niliyempa.

Nitamwambia yote. Nitamwambia ugonjwa wake kwa jina lake, kwamba baba yake sasa anajua na hakimbii. Nitamwambia hatashuka. Atalia, na nitakaa hapo alie.

Lakini mwanangu hana akili ndogo. Akimaliza kulia atauliza kwa nini alifundishwa kusema hapana. Hilo sitamjibu, dada, na usinitazame mimi. Atageuka kwako, na utamjibu wewe, kwa mdomo wako, bila mazoezi. Mimi nitatoka nje niwaache.

Nitakuwa hapo kibarazani, nimekaa. Ukimaliza nifungulie.

Mdogo wako,
Adelard